Barua Iliyopitishwa Chini ya Mlango

Watu wengi wanapolisikia jina la Benjamin Franklin hukumbuka umeme, na ile tiara iliyorushwa angani wakati wa radi mwaka 1752. Wengine hukumbuka mzee aliyetia sahihi yake katika Tangazo la Uhuru wa Marekani mwaka 1776, kisha akawa mjumbe wa taifa hilo jipya huko Ufaransa. Mambo hayo ni ya kweli, na vitabu vya shule huyaeleza. Lakini leo twapenda kumtazama kwa upande usiotajwa sana, yaani namna alivyojifunza kuandika makala za maoni katika magazeti, bila kuajiriwa kwa kazi hiyo, bila kulipwa, na mwanzoni bila mtu yeyote kujua kuwa mwandishi ni yeye.

Tumemchagua kwa sababu vijana wengi hutamani kuandika magazetini, nao hudhani kwamba uwezo huo ni kipaji cha kuzaliwa au ni mali ya waliosoma vyuo vikuu. Maisha ya Franklin yaondoa dhana hiyo. Tena yafundisha jambo la pili, nalo ni gumu zaidi: kujua kuandika vizuri ni jambo moja, na kuitumia kalamu kwa ajili ya haki ni jambo jingine. La kwanza alilipata akiwa na umri wa miaka 16. La pili lilimchukua karibu maisha yake yote.

Alizaliwa mjini Boston tarehe 17 Januari 1706, nchi ile ilipokuwa koloni la Uingereza. Baba yake, Mzee Josiah, alikuwa fundi wa kutengeneza mishumaa na sabuni kwa mafuta ya wanyama. Mzee huyo alipofiwa na mke wa kwanza alioa tena, akajaliwa jumla ya watoto 17, na Benjamin alikuwa kitinda mimba wa wana wa kiume. Alitiwa shuleni akiwa na umri wa miaka 8. Alisoma vizuri, ila hesabu zilimshinda. Baba alipopima gharama za masomo ya juu na wingi wa watoto wake, aliona mzigo huo haubebeki. Mtoto alipofika miaka 10 alitolewa shule akapelekwa kukata tambi za mishumaa. Huo ndio uliokuwa mwisho wa masomo yake ya darasani.

Kazi ya mishumaa hakuipenda, na baba alihofu asije akatorokea baharini. Basi mwaka 1718, alipokuwa na miaka 12, alifungwa kwa mkataba kuwa mwanagenzi wa kaka yake James, mpiga chapa, mpaka atimize miaka 21. Kazi ya chapa siku zile ilikuwa ya mkono. Mpanga herufi aliokota herufi za madini moja moja, akazipanga kinyume katika mstari, neno baada ya neno. Mtu afanyaye kazi hiyo hulazimika kuyasoma maandishi ya wengine polepole kuliko msomaji yeyote. Twaweza kusema kwamba darasa alilonyang'anywa alilikuta tena mezani pa herufi.

Mwanzoni kijana alidhani bahati yake imo katika ushairi. Alitunga tungo mbili za kuuzwa barabarani, moja juu ya mlinzi wa mnara wa taa aliyekufa maji pamoja na jamaa yake, nyingine juu ya haramia Blackbeard. Ile ya kwanza iliuzwa sana, naye akavimba kichwa. Baba yake alimkatisha tamaa, akamwonya kwamba watunga mashairi kwa kawaida huishia kuomba. Baadaye Franklin alikiri mwenyewe kwamba tungo zile zilikuwa hafifu.

Somo lililo kubwa zaidi lilitoka kwa baba huyo huyo. Benjamin alikuwa na rafiki aliyeitwa John Collins, naye alipenda ubishi kama yeye. Walibishana kama yafaa wasichana wapewe elimu ya juu, na Benjamin alishika upande wa kuwatetea wasichana. Walipotengana waliendelea kubishana kwa barua. Siku moja Mzee Josiah aliziona barua hizo akazisoma. Hakuamua nani mwenye haki katika ubishi. Alimwonyesha mwanawe kwamba kwa tahajia na alama za kituo alimshinda mwenzake, lakini kwa uzuri wa maneno, kwa mpango wa hoja na kwa uwazi alishindwa mbali, akamtolea mifano katika barua zenyewe. Twawaomba wazazi watafakari jambo hili. Mtengeneza mishumaa, asiyekuwa mwalimu, alimsaidia mtoto wake kwa kuyasoma aliyoyaandika na kumwonyesha kosa lilipo. Hakumsifu bure wala hakumdhihaki. Mtoto aliona kwamba baba asema kweli, akaazimia kujirekebisha.

Wakati huo akapata juzuu moja tu, ya tatu, ya gazeti la Spectator, lililoanzishwa London mwaka 1711 na Joseph Addison na Richard Steele. Kila toleo lilikuwa makala moja fupi juu ya tabia za watu, iliyoandikwa kwa lugha safi na ucheshi wa adabu. Franklin aliisoma juzuu hiyo mara nyingi, kisha akabuni njia ya kujifunza ambayo hata leo hatujaona iliyo bora zaidi.

Alichukua makala moja akaandika kwa ufupi wazo la kila sentensi, kisha akaiweka kando siku kadhaa. Baadaye, bila kukifungua kitabu, alijaribu kuiandika makala yote upya kwa maneno yake, akiongozwa na yale mawazo mafupi tu. Alipomaliza aliilinganisha kazi yake na ile ya asili, akaona makosa yake na kuyasahihisha. Aligundua kwamba maneno aliyokuwa nayo ni machache. Kwa hiyo alizigeuza baadhi ya hadithi kuwa mashairi, kwa kuwa mizani na vina humlazimisha mtu kutafuta maneno mengi yenye maana moja. Alipokwisha kuisahau makala ya asili, aliyageuza mashairi hayo tena kuwa nathari. Mara nyingine aliyachanganya makusudi yale mawazo mafupi, na baada ya wiki chache akajaribu kuyapanga upya kwa taratibu iliyo bora, ili ajifunze namna hoja moja inavyoitangulia nyingine. Mara chache alijiona amelisema jambo dogo vizuri kuliko wenyewe, na hapo akapata matumaini kwamba huenda siku moja atakuwa mwandishi wa kufaa.

Kazi hiyo aliifanya usiku baada ya saa za kiwandani, au alfajiri kabla ya kuanza, au Jumapili wenzake walipokuwa kanisani. Kwa hilo la mwisho hatumsifu, na yeye mwenyewe alikiri kwamba aliujua wajibu wake. Vitabu aliviazima kwa wanagenzi wa wauza vitabu, akavisoma usiku kucha na kuvirudisha asubuhi na mapema visije vikatafutwa. Alipofika miaka 16 aliacha kula nyama, akamwomba kaka yake ampe nusu ya fedha za chakula ili ajilishe mwenyewe. Katika nusu hiyo alibakiza nusu tena, akanunulia vitabu. Wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki kiwandani na kipande cha mkate, zabibu kavu na maji, akapata saa ya kusoma.

Mwezi wa Agosti 1721 James alianzisha gazeti lake, New-England Courant. Marafiki zake walikuja kiwandani, wakaliandikia makala za kuwacheka wakubwa, nao walifurahi kuambiana namna watu mjini walivyozipokea. Mwanagenzi aliwasikia alipokuwa akipanga herufi, naye akatamani kujaribu. Alijua kwamba kaka yake hawezi kukubali kuchapa kitu kilichoandikwa na mdogo wake. Basi akaubadilisha mwandiko wake, akaandika barua, na usiku akaipitisha chini ya mlango wa kiwanda.

Asubuhi James aliiokota, akawasomea rafiki zake. Benjamin alisimama karibu akisikiliza. Waliisifu. Walipokisia nani aliyeiandika, walitaja majina ya watu wenye elimu na heshima mjini. Barua ilitoka gazetini tarehe 2 Aprili 1722, ikafuatwa na nyingine, mpaka zikatimia 14 kufikia mwezi wa Oktoba mwaka huo. Mwandishi alijiita Silence Dogood, jina lenye maana ya ukimya na kutenda mema, na alijifanya mjane wa mchungaji wa shamba, mwanamke wa makamo asiyeweza kunyamaza aonapo upuuzi. Kijana wa miaka 16 hangesikilizwa na mtu, lakini mjane mwenye maneno alisikilizwa na mji mzima.

Mjane huyo aliandika juu ya ulevi, juu ya majivuno ya mavazi, juu ya elimu ya wanawake, na juu ya mpango wa kuchangiana ili kuwasaidia wajane. Barua moja ilihusu Chuo cha Harvard. Mjane alieleza ndoto yake, kwamba penye lango la chuo walisimama mabawabu wawili, Utajiri na Umaskini, na Umaskini akawafukuza wote ambao Utajiri hakuwakubali. Ndani wengi waliishia kukaa chini, wakaridhika na ujinga wao. Hakika katika barua hiyo twamsikia mtoto aliyetolewa shule kwa kukosa karo. Lakini hakuandika malalamiko yake mwenyewe. Aliligeuza jambo lililomwumiza kuwa picha ambayo kila msomaji aliweza kuiona na kuipima.

Haikupita miezi mingi kabla hajaona kwamba maoni yana gharama. Mwezi wa Juni 1722 gazeti lilidokeza kwamba serikali ilichelewa kwa makusudi kuwafuatia maharamia wa pwani. James alitiwa gerezani karibu mwezi mmoja, na muda huo mdogo wake aliliendesha gazeti. Barua moja ya mjane ya mwezi wa Julai, sehemu yake kubwa ilikuwa maneno yaliyotolewa katika gazeti moja la London juu ya uhuru wa kusema. Mwaka 1723 serikali ilimkataza James kuchapa bila kibali, na gazeti likatolewa kwa jina la Benjamin.

Mambo kati ya ndugu hao wawili hayakwisha vizuri. Siri ya zile barua ilipofichuka, rafiki za James walimheshimu kijana, lakini James mwenyewe hakupendezwa. Alimwona ameanza kujivuna, na mara nyingi alimpiga. Miaka mingi baadaye Franklin alikiri kwamba huenda yeye naye alikuwa mkaidi na mwenye kuchokoza. Mwezi wa Septemba 1723, akiwa na miaka 17, aliukimbia mkataba wake, akafika Philadelphia mwezi uliofuata akiwa na fedha kidogo sana mfukoni.

Katika miaka hiyo ya ujana alijifunza pia unyenyekevu wa lugha. Zamani alipenda kumshinda mtu kwa maneno. Aliposoma habari za Sokrate, yule mwenye hekima wa Ugiriki, aliona kwamba anayeuliza hupata zaidi kuliko anayefoka. Polepole akaacha kutumia maneno ya kukata shauri kila alipotaja jambo linaloweza kubishaniwa, akasema tu kwamba yeye aonavyo, au kama hakukosea, jambo ni hivi. Aliamini kwamba msomaji aliyekasirishwa mwanzoni hafiki mwisho wa hoja, na kwamba mwandishi anayejionyesha hakosei huwafungia mlango wale ambao wangeweza kumsahihisha.

Philadelphia alifanya kazi ya chapa. Mwaka 1729 aliandika makala chache katika gazeti la mpiga chapa mwingine, kwa jina la kubuni tena, na mwishoni mwa mwaka huo akanunua gazeti lake mwenyewe, Pennsylvania Gazette. Riziki yake ilitoka katika kuchapa, wala si katika maoni, na yafaa kijana wa leo alijue hilo. Hata alipokuwa mwenye gazeti aliendelea kuandika barua kwa majina ya watu wasiokuwapo. Matusi ya mtu kwa mtu aliyakataa. Aliyemletea makala ya kumchafulia mwingine jina aliambiwa kwamba itachapwa kwa karatasi zake pekee, akazigawe mwenyewe atakako, kwa sababu wanunuzi wa gazeti waliahidiwa mambo yenye faida, na si ugomvi wa watu binafsi.

Kalamu yake ilipata nguvu. Mwaka 1747, Pennsylvania ilipokuwa haina ulinzi wakati wa vita, aliandika kijitabu kwa jina la fundi wa kawaida wa mji, na kwa hesabu yake mwenyewe zaidi ya watu 10,000 walijiandikisha kuilinda nchi. Mwezi wa Septemba 1773, akiwa London, alitoa gazetini amri ya kubuni ya Mfalme wa Prussia, aliyedai kodi kwa Waingereza kwa kuwa asili yao ni Ujerumani. Waingereza waliosoma kwa haraka walighadhibika, ndipo wakatambua kwamba hizo ni hoja zile zile walizozitumia wao dhidi ya Marekani.

Kufikia hapa msomaji aweza kudhani kwamba twasimulia maisha ya mtu asiye na doa. Sivyo. Gazeti lile lile la Pennsylvania lililompa jina na mali lilichapa matangazo ya watumwa wanaouzwa na ya watumwa waliotoroka, na fedha za matangazo hayo aliziingiza mfukoni. Nyumbani kwake mwenyewe mlikuwa na watumwa. Alipokwenda London mwaka 1757 pamoja na mwanawe, walifuatana na watumwa wawili. Mwanagenzi aliyeukimbia mkataba wake mwenyewe alichapa matangazo ya kuwasaka wengine waliokimbia. Kwa miaka mingi mtu aliyeweza kuona upuuzi wa kila aina mjini hakuliona jambo hilo, au aliliona akanyamaza.

Macho yake yalifumbuka polepole. Mwaka 1763 alizuru shule ya watoto weusi huko Philadelphia, akawasikiliza wakisoma, akaandika kwamba ziara hiyo ilimfanya awe na fikira ya juu zaidi juu ya akili za watu weusi kuliko aliyokuwa nayo kwanza. Twaona aibu kwamba mtu mwenye akili nyingi alihitaji kuonyeshwa hilo. Hata hivyo alionyeshwa, naye akakubali. Mwaka 1772 aliandika katika gazeti la London kuilaumu biashara ya watumwa. Mwaka 1787 akawa mkuu wa chama cha Pennsylvania cha kuukomesha utumwa, na mwezi wa Februari 1790 ombi la chama hicho, lenye sahihi yake, likafikishwa mbele ya Bunge la Marekani.

Mjumbe mmoja wa Georgia, James Jackson, alisimama bungeni kuutetea utumwa. Franklin alikuwa na umri wa miaka 84, yu kitandani kwa ugonjwa na maumivu makali. Akachukua kalamu. Mwezi wa Machi 1790 ilitoka katika gazeti la Philadelphia barua, yenye tarehe 23 ya mwezi huo, ya mtu aliyejiita Historicus. Alidai kwamba hotuba ya Jackson ilimkumbusha hotuba nyingine, ya mjumbe wa baraza la Algiers, kule Afrika ya Kaskazini, ya miaka 100 iliyopita. Katika hotuba hiyo ya kubuni, mjumbe alikataa kuwaachilia Wakristo waliotekwa. Aliuliza nani atalima mashamba katika joto, nani atawalipa wenye watumwa hasara yao, na je, watumwa hao si afadhali wakae pale kuliko kurudi makwao. Wasomaji walijua kwamba tangu mwaka 1785 mabaharia wa Marekani walikuwa mateka huko Algiers. Kila hoja waliyoichukia kinywani mwa yule mjumbe ilikuwa hoja ya Jackson.

Barua hiyo haikulishinda Bunge. Mwezi huo huo liliamua kwamba halina mamlaka ya kuwaweka huru watumwa ndani ya majimbo, na utumwa uliendelea hadi mwaka 1865. Franklin alifariki tarehe 17 Aprili 1790, siku 25 baada ya tarehe ya barua hiyo. Ilikuwa makala yake ya mwisho katika gazeti, nayo kwa umbo ilifanana na ile ya kwanza: barua ya mtu asiyekuwapo, inayosema neno ambalo wenye nguvu hawapendi kulisikia. Tofauti ni kwamba ile ya kwanza aliiandika ili ajue kama anaweza kuandika. Hii ya mwisho aliiandika kwa ajili ya watu ambao zamani yeye mwenyewe aliwamiliki na kuwatangaza kwa bei.

Basi, kijana mwenye kutamani kuandika na achague makala moja anayoipenda, aivunje, aijenge upya, aone alipopungukiwa, kisha arudie kesho. Ampe baba, au mama, au mwalimu asome, naye akubali kuambiwa kosa lake. Asidharau kazi inayompa chakula huku akijifunza. Na kabla ya kuipeleka barua yake kwa gazeti lolote, ajiulize kwa uaminifu ni jambo gani analoliona kila siku, labda nyumbani mwake mwenyewe, ambalo hajathubutu kuliandika. Akilipata, asingoje mpaka afike miaka 84.